Mshahara wa Louisville, Soko la Bwegera

 

Leo tuongee hesabu. Kuna hesabu moja inayopigwa karibu kila jioni hapa Bwegera, kwenye uwanda wa Ruzizi, kando ya barabara kuu, motari wakiwa wamezima pikipiki na kungoja abiria wa mwisho. Mmoja anaanza: mtoto wa fulani yuko Marekani, wanamlipa dola 16 kwa saa. Wa pili anazidisha: saa 8, dola 128 kwa siku. Wa tatu, yule ambaye siku zote anajua dola imelala bei gani, anazigeuza kuwa faranga, na watu wanapiga mluzi, maana zimekaribia laki tatu. Kwa siku moja! Halafu baba mmoja mtu mzima anatoa hukumu: "Na juzi amemwambia mama yake hana kitu. Watoto wa siku hizi!" Kesi imekwisha. Mtoto amehukumiwa bila wakili.

Jioni ya leo wakili wake ni mimi. Lakini msiniamini moja kwa moja, maana kabla hatujaagana nitamgeukia na yeye.

Wale motari hawakukosea kuzidisha. Tatizo ni kwamba wamechukua mshahara wa Louisville wakaenda nao kununua soko la Bwegera. Mwenye mshahara mwenyewe hana nafasi hiyo. Analipwa kule, anakula kulekule, analala kulekule. Naitaja Louisville, mji wa jimbo la Kentucky, kwa sababu ni mmojawapo wa miji ambayo familia nyingi za huku kwetu zilipelekwa, pamoja na Dallas, Phoenix, Boise, Des Moines na Portland ile ya Maine. Wengi walipitia Nyarugusu, kambi ya mkoa wa Kigoma iliyofunguliwa 1996, baada ya vita vya Oktoba mwaka ule kusukuma watu kutoka milima hii na uwanda huu mpaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Watoto waliozaliwa Nyarugusu wakakulia Nyarugusu, wakaoa Nyarugusu, na kuanzia karibu 2015 ndege zikawachukua kwa maelfu.

Twendeni kwanza sokoni kwetu. Mama amekaa mbele ya beseni la unga wa muhogo, ana kopo lake la kupimia, kingo zimepinda kwa kazi. Anachota, anajaza mpaka kilima kinasimama juu ya kopo. Unamwomba bongeza, anatia kiganja kimoja huku analalamika kwamba utamfilisi, mnacheka, unaondoka. Pembeni yake ndagala za Uvira zimepangwa mafungu madogomadogo. Mafuta ya mawese yanauzwa kwa chupa, na asiye na pesa ya chupa anapimiwa kikombe. Chumvi imefungwa kwenye kifuko kidogo kama kidole gumba. Makala yanauzwa kwa kimfuko cha kuwasha mbabula mara moja. Hata maneno ya simu tunayanunua ya faranga mia tano, tunaongea, yanakatika katikati ya salamu.

Kwa hiyo hapa karibu kila kitu kinakatika vipande. Aliyepata faranga elfu kumi leo anaishi leo kwa hizo elfu kumi, na kesho ina mambo yake. Huko kukatakata kuna bei yake, tusijidanganye. Jumlisha vifuko vyako vya chumvi vya mwaka mzima uone kama hukununua gunia la mtu mwingine. Maskini hununua kilo kwa bei ya juu kuliko tajiri, na wenye maduka wanalijua jambo hilo kuliko mchumi yeyote wa Kinshasa. Lakini siku ngumu inapita. Unapunguza kopo, unaongeza maji kwenye sombe, watoto wanalala.

Kinachomshtua mtu wetu akifika Marekani ni kwamba vitu vikubwa havikatiki. Nyumba hailipwi kwa siku. Inalipwa kwa mwezi, mara nyingi tarehe mosi, kamili, na siku ya kuingia unaacha dhamana juu yake. Bima ya gari hailipwi kwa safari. Umeme unakuja na karatasi yenye siku ya mwisho. Ukichelewa kodi, faini; ukizidi kuchelewa, unaitwa mahakamani na vitu vyako vinatolewa nje. Mwenye nyumba hamjui baba yako wala hakuketi naye kwenye kilio. Na wengi hawajawahi kumwona: wanalipa kampuni, kwa simu, na simu haina sikio la kuombwa msamaha.

Sasa tupige hesabu yenyewe, taratibu, anayetaka achukue kalamu. Sheria ya shirikisho la Marekani imeweka kima cha chini cha mshahara kuwa dola 7.25 kwa saa, na kiwango hicho hakijapanda tangu Julai 2009. Kentucky inatumia hichohicho. Texas, Iowa na Idaho pia. Kwa wiki ya saa 40 ni dola 290. Majimbo mengine yamejiwekea kima cha juu, na maghala na viwanda vya nyama, ambako wengi wa watu wetu huanzia, hulipa zaidi ya kima cha chini. Ndiyo maana nakubali dola 16 za motari. Basi 16 mara 40 ni 640 kwa wiki. Kwa wiki 4 ni 2,560.

Kabla hazijafika mkononi, asilimia 7.65 imekwishakatwa kwa ajili ya pensheni na matibabu ya wazee, karibu dola 196. Inafuata kodi ya shirikisho, inafuata kodi ya jimbo, na mji wa Louisville nao una kodi yake juu ya mshahara. Tuseme zimebaki elfu mbili na kitu. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala inakula elfu moja na zaidi. Kuna shirika la huko, National Low Income Housing Coalition, ambalo hutoa ripoti kila mwaka na kila mwaka hurudia jambo lilelile: hakuna jimbo hata moja, kati ya yote 50, ambako mtu wa kima cha chini, akifanya kazi saa 40 kwa wiki, anaweza kulipia nyumba ya vyumba viwili ya bei ya kawaida bila kuvuka asilimia 30 ya mapato yake. Hayo wanayasema Wamarekani wenyewe juu ya nchi yao, si mimi niliyekaa hapa kwenye kipaza sauti na kikombe cha chai.

Imebaki kama elfu moja. Sasa gari. Mtasema gari ni starehe. Zamu ya pili ya kiwanda inatoka usiku wa manane, basi za mji zimeshapungua au zimelala, na kiwanda chenyewe kiko nje ya mji. Basi gari, la mkopo, na bima yake ambayo sheria inailazimisha, na petroli. Ile picha aliyowatumia ameegemea mlango wa gari, mkaiweka kwenye simu zote za avenyu, gari lile huenda ni la benki mpaka miaka 5 ijayo. Weka umeme, ambao majira ya baridi unapanda kwa sababu nyumba inapashwa moto usiku na mchana. Weka simu, weka sabuni, weka koti la kila mtoto, na mtoto hukua, koti halikui.

Kuna pia deni ambalo hapa wengi hawalijui. Mkimbizi anayepelekwa Marekani hapandi ndege bure. Tiketi inalipwa kwanza na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, naye mkimbizi anatia saini kwamba atairudisha. Haina riba, hilo niwape haki yao, lakini miezi michache baada ya kufika barua za malipo zinaanza kuingia. Familia ya watu 8 ina tiketi 8. Na kadi ya chakula ya serikali, ambayo iliwasitiri wengi katika miezi ya kwanza, sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imewaondolea wakimbizi mpaka wapate hati ya ukaazi wa kudumu, na hati hiyo huombwa baada ya kukaa mwaka mmoja. Kwa hiyo aliyefika 2018 na aliyefika mwisho mwisho hawakukuta Marekani moja, na ushauri wa yule wa 2018, hata akiwa na nia njema, umeshapitwa.

Kwenye bajeti hiyo kuna mstari mwingine, ambao motari hawautaji kamwe. Mstari huo ni sisi.

Minerivale, yaani ada ya shule, ya mdogo wake anayesoma sekondari. Dawa za presha za mama. Sanduku la kumzikia mjomba. Mahari ya kaka. Kila mmoja anapiga simu akiamini ni yeye peke yake aliyepiga mwezi huu, tena anaomba kidogo tu: dola 50, nini dola 50 kwa mtu wa dola 128 kwa siku? Wakipiga watu 6, ni dola 300, na tumeshaona zimebaki ngapi. Kutuma nako kunalipiwa. Tangu tarehe 1 Januari 2026, anayekwenda dirishani na pesa taslimu kutuma nje anakatwa pia kodi ya asilimia 1, iliyoletwa na sheria ileile ya Julai. Na huku kwetu, mwaka 2025 dola iliteremka ghafla, kutoka karibu faranga 2,900 hadi chini ya 2,500 katika muda mfupi. Kinshasa walishangilia kwamba faranga imepata nguvu. Mama aliyepokea dola 100 zilezile kwenye simu alikuta faranga zimepungua kwa zaidi ya elfu arobaini, na unga sokoni haukuteremka kwa mbio hiyo. Akampigia mtoto: "Mbona umepunguza?" Mtoto hakupunguza hata senti.

Mpaka hapo nimefanya kazi ya wakili. Sasa namgeukia mteja wangu.

Watu wetu wa Marekani wana wimbo wao kwenye ujumbe wa sauti: "Ninyi hapo mko raha. Nyumba ni yenu, mboga ni za shamba, hamlipi bili." Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nyumba ya matofali uliyoyafyatua mwenyewe haina tarehe mosi. Maji unachota, kuni unatafuta, muhogo uko ardhini unakungoja. Mtoto wa miaka mitatu analelewa na bibi, shangazi na avenyu nzima bila mtu kutoa hesabu mwisho wa wiki. Kule, kumwacha mtoto kwa mlezi huweza kula karibu kama kodi ya nyumba, ndiyo maana mume anafanya kazi usiku na mke mchana, wanapokezana mtoto mlangoni, mmoja anavaa viatu na mwingine anavua. Msiba ukitokea hapa, vijana wanachimba, wamama wanaleta unga na kuni, wanalala kwenye kilio siku zote. Kule hata kulia lazima uombe ruhusa kazini.

Nusu ya pili naikataa kabisa. Hamlipi bili? Nani hapa mwenye miaka 45 hajakimbia? Alikimbia 1996. Akarudi, akakimbia tena 1998. Wa Mutarule hapa jirani, ule usiku wa Juni 2014 waliuawa watu zaidi ya 30, waliobaki wakakimbia. Februari 2025, Bukavu na Kamanyola zilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, watu wa uwanda huu waliuvuka mto Ruzizi kuingia Burundi, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu wakishikana mikono, na wapo ambao mto uliwachukua. Desemba 2025 vita vikateremka na barabara hii hii, Luvungi, Sange, mpaka Uvira yenyewe, na maelfu kwa maelfu wakavuka tena. Kila safari mpunga umebaki shambani au gunia limebaki ndani. Mbuzi wameliwa na wasiowafuga. Ukirudi, unakuta mlango umefanywa kuni na manjanja ya paa yameng'olewa.

Sasa chukueni kalamu tena. Mtu aliyenunua manjanja ya paa lilelile mara tatu katika maisha yake, kapoteza ng'ombe, kapoteza misimu minne ya mpunga, kalipa mtumbwi wa kwenda na wa kurudi, ukigawanya yote hayo kwa miezi aliyoishi, utapata kodi ya nyumba. Alikuwa anailipa siku zote bila kuandikiwa risiti. Ongeza barieri, ambako mama wa nyanya hulipa akitoka shambani na kulipa tena kabla ya soko, kwa huyu na kwa yule, kila mwenye bunduki na kamba yake. Ongeza hospitali: mama anajifungua, deni halijalipwa, anabaki amezuiliwa kitandani na mtoto wake mpaka ukoo uuze kitu. Ongeza shule. Serikali ilitangaza elimu ya msingi bure Septemba 2019, na ilikuwa nafuu kubwa, lakini sekondari bado ni mfuko wa mzazi. Kule Louisville mtoto anasoma mpaka darasa la 12 shule ya serikali bila minerivale, basi la njano linamchukua karibu na nyumbani. Na tangu 1986 kuna sheria inayokataza hospitali kumfukuza mgonjwa wa dharura kwa sababu hana pesa. Bili itakuja nyuma, na inaweza kuwa ya kutisha, lakini itamkuta mtu yuko hai na yuko kwake.

Kwa maoni yangu, swali la wapi ni ghali na wapi ni rahisi halitufikishi popote. Ninachokiona mimi ni kalenda. Kule gharama ina tarehe. Hapa gharama haina tarehe. Inakuja usiku, inakuja na risasi, inakuja na mvua kama ile ya Aprili 2020 iliyoujaza mto Mulongwe ukaingia majumbani Uvira.

Na mtu hujifunza kuishi kwa kalenda aliyokulia. Sisi tumekuwa mafundi wa gharama zisizo na tarehe: tunakopa dukani, tunacheza likelemba, ule mchango wa kupokezana, tunaomba wiki moja, tunamtuma mzee akaongee na mwenye deni. Ufundi huo ukiufikisha Louisville, haununui kitu. Huko wanataka ufundi mwingine, wa kukaa na dola 1,100 mfukoni tarehe 27, mtoto anaomba viatu, kaka anapiga simu kutoka Bwegera, na wewe usiziguse kwa sababu za tarehe mosi si zako tena. Mtu asiyejua hilo anamwona ndugu yake amekuwa na moyo wa jiwe. Kwa upande mwingine, gharama yenye tarehe ina zawadi yake, ambayo wa kule wameizoea hata wameisahau: ukishalipa, umelipa. Unaweza kusema mtoto wangu atamaliza shule mwaka fulani, na akamaliza mwaka ule. Hapa, nani atasema hivyo bila kuongeza "Mungu akipenda", tena akimaanisha?

Wazee ni hesabu ya peke yake. Nimewasikia vijana wakisema, tukifika tutamvuta bibi. Bibi wa Bwegera ana kazi hapa: anajua shamba linaishia wapi, anapatanisha ndoa, anapika ndagala kwenye mbabula nje ya nyumba na kusalimiwa na kila mpita njia. Kule mbabula ya makala ndani ya nyumba inaua watu usingizini kwa hewa yake, haiwashwi. Anakaa ghorofa ya pili, mlango umefungwa, wajukuu wako shule na wanarudi wakiongea Kiingereza. Msaada wa pesa wa serikali kwa mkimbizi mzee asiye na mali una kikomo cha miaka 7. Ili uendelee inabidi awe raia, na uraia una mtihani wa Kiingereza na wa historia yao, ingawa wapo wanaosamehewa kwa umri au ugonjwa. Wapo wazee waliofaulu, na nawavulia kofia. Lakini msimchukue bibi kama mnavyochukua godoro. Muulizeni.

Baba zetu nao walipiga hesabu kama hii, ila ng'ambo yao ilikuwa karibu. Ilikuwa Usumbura, ambayo tangu uhuru tunaiita Bujumbura. Watu wa uwanda huu walikwenda kutafuta kazi, wakakaa Buyenzi ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya mtaa, na wengine walibaki upande huu wakaajiriwa kwenye sukari ya Kiliba enzi kiwanda kinafanya kazi. Mambo yakiharibika, mtu alifunga mzigo akarudi na kukuta muhogo wake. Uhamaji ule ulikuwa na mlango wa kurudia. Huu wa leo hauna, na ndiyo sababu nawasihi wanaotaka kuuza kiwanja waniazime sikio.

Maana uhamaji huu hauanzi na ndege, unaanza na kungoja. Wengine wako Nakivale na Kyangwali, Uganda, ambako sheria ya wakimbizi ya 2006 inamruhusu mtu kufanya kazi na kutembea, na makambi mengi hugawa kipande cha ardhi. Wengine wako Nyarugusu, ambako kutoka nje ya kambi ni kwa kibali. Msaada wa chakula umekatwa pande zote. Mei 2025 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilisema wakimbizi milioni moja Uganda wameondolewa kwenye orodha ya chakula. Na ule mlango wa Marekani ambao kila mtu anauangalia ulifungwa Januari 2025, wiki ileile rais mpya alipoapishwa. Kwa mwaka wa bajeti wa 2026 waliweka nafasi 7,500 kwa dunia nzima, nyingi wakazitenga kwa Wazungu wa Afrika Kusini. Dunia nzima, wasikilizaji! Uwanda wetu peke yake ungezimaliza kabla ya saa sita mchana.

Kwa hiyo anayekimbia risasi akimbie, huyo hana hesabu ya kupiga, avuke salama. Lakini anayeuza shamba la mpunga la Bwegera ili akapange foleni ambayo dirisha lake limefungwa, huyo naomba akae kwanza. Na akitokea mtu kukwambia ana njia ya kukuingiza kwenye orodha ya kesi kwa dola mia mbili, ujue kwamba huduma za HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, haziuzwi, hakuna fomu ya kununua wala nafasi ya kununua. Anayeuza anauza hewa, na mara nyingi anamuuzia mjane.

Basi tukitaka kulinganisha, tulinganishe kama watu wazima. Ukimpigia ndugu yako, acha kumuuliza analipwa ngapi. Swali hilo limezaa uongo mwingi kuliko maswali yote. Muulize tarehe 5 ya mwezi, baada ya kulipa yote, anabaki na ngapi. Muulize anafanya kazi saa ngapi ili abaki na hizo, na analala saa ngapi. Muulize mara ya mwisho alikula na mke wake mezani lini. Muulize mtoto wake anasoma nini na daktari alimwona lini, maana hapo ndipo utakaposikia faida, na usikie bila wivu. Na yeye akikuuliza habari za huku, usimwambie "tunasukuma" kama ilivyo kawaida yetu. Mwambie barieri zimekuwa ngapi kati ya Bwegera na Luberizi, kopo la unga limefika bei gani, na shamba la mto mmelima au mmeogopa. Anayetuma pesa bila kujua bei ya kopo ni sawa na motari anayezidisha bila kujua kodi ya nyumba.

Kwa wanaotaka kuanza leo: Louisville iko nyuma yetu saa 7 wakati wa baridi yao, saa 6 wakati wa joto. Msipige asubuhi yetu, mtamkuta ndiyo kwanza ameingia kitandani kutoka zamu, au bado yuko kwenye mashine na simu iko kabatini. Jumapili jioni baada ya ibada ndiyo saa nzuri, kwao ni mchana na wengi wako nyumbani. Na nunueni maneno ya kutosha, si yale ya mia tano.